Taa za Zenoni: Mwanga wa Mmoja, Hatari kwa Wengine

Barabara ya kutoka Njombe kwenda Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, ina kona, miteremko na ukungu. Ni rahisi kuelewa kwa nini dereva anayeipita usiku hutamani kuondoa balbu za halojeni na kufunga za zenoni.

Tatizo si zenoni yenyewe. Balbu yake ya wati 35 hutoa takriban lumeni 3,000, karibu maradufu ya halojeni ya wati 55. Hata hivyo, taa ya halojeni imesanifiwa kufuata mahali hasa ulipo uzi unaowaka ndani ya balbu yake. Chanzo kikibadilika, mwanga hutawanyika. Mtu anayekuja mbele hupofuka kwa muda, na katika ukungu mwanga huo humrudia dereva mwenyewe kama ukuta mweupe.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inalenga kuwalinda watumiaji wote wa barabara. Kwa hiyo, kabla ya kununua balbu mpya, ni busara kung'arisha vioo vya taa vilivyofifia, kurekebisha mwelekeo wa taa na kupunguza mwendo.