Jokofu Halili Gesi

Nianze kwa kukiri kosa. Kwa muda wa miezi minne nilimlipa fundi mmoja mara tatu kwa kazi ileile juu ya jokofu lilelile, na kila mara nilimshukuru. Mimi ni mtu wa shahada ya uzamivu. Ninalipwa kuwafundisha vijana kudai ushahidi kabla ya kukubali hoja. Lakini fundi aliponiambia, "Dokta, gesi imeisha," niliitikia kama mtoto wa darasa la kwanza na kutoa shilingi elfu sitini.

Jokofu hilo liko Isingiro, wilayani Kyerwa, nyumbani kwa mama yangu. Halikununuliwa kwa ajili ya soda. Mama ana kisukari, na chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa hupaswa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Insulini iliyopigwa na joto hupoteza nguvu, na mara nyingi haibadiliki rangi wala harufu. Mgonjwa hujidunga akiamini amejidunga dawa. Ndivyo ilivyotokea. Jokofu lilipoa wiki tatu, likaacha. Likajazwa gesi, likapoa tena, likaacha. Katika mapumziko ya tatu ya jokofu hilo sukari ya mama ilipanda, tukalala hospitali siku mbili. Aliporudi nyumbani aliichukua insulini mpya, akaifunga vizuri na kuiweka katika chungu kilichozungushiwa kitambaa chenye maji, kivulini. "Chungu hakijanidanganya hata siku moja, mwanangu," aliniambia. Sikuwa na jibu.

Wasomaji wangu, naomba tuelewane kuhusu jambo moja la kitaalamu, kwa sababu hoja yangu yote imejengwa juu yake. Jokofu si gari. Gari huchoma petroli. Jokofu halichomi gesi yake. Gesi huzunguka ndani ya mirija iliyofungwa: kompresa huikandamiza, nayo hutoa joto lake nyuma ya jokofu, hupenya katika mrija mwembamba, hutanuka na kufyonza joto lililomo ndani, kisha hurudi kwenye kompresa kuanza upya. Mirija ikiwa mizima, gesi iliyotiwa kiwandani huweza kudumu umri wote wa jokofu. Kwa hiyo maneno "gesi imeisha" si jibu, bali ni mwanzo wa swali: imepitia wapi? Fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu ni sawa na mtu anayejaza maji katika ndoo iliyotoboka, akalipwa kwa kila ndoo.

Aliyenifundisha hayo hakuwa profesa. Alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wangu, niliyeelekezwa kwake na muuza juisi wa pale senta. Alifika na mkoba mchakavu, akaiwamkia mama kwa heshima, kisha akaniuliza maswali matatu ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: lilianza lini, umeme wenu unapanda na kushuka namna gani, na nani huondoa barafu humu ndani? Akaingiza hewa ya naitrojeni katika mirija, akapaka povu la sabuni, tukatazama. Ndani ya sehemu ya kugandishia, povu likavimba. Palikuwa na tundu dogo kama ncha ya sindano. Mpwa wangu alikuwa amekwangua barafu kwa kisu.

Kosa la kwanza, basi, lilikuwa letu. Lakini watu watatu walikwisha kulifungua jokofu lile kwa macho na mifuko yao, mimi nikiwa mmoja wao, na hakuna aliyelitafuta tundu. Kijana aliliziba, akabadilisha chujio, akanyonya hewa na unyevu wote kwa pampu, akasoma kibandiko kilicho nyuma ya kompresa ili ajue aina na kiasi cha gesi, kisha akapima gesi kwa mizani kwa gramu. Fundi wa kwanza hakuwahi kusoma kibandiko hicho, ingawa ndicho kinachoeleza kama jokofu linatumia R-134a au R-600a, ambayo huwaka moto. Kuzichanganya si uzembe mdogo. Ni kuhatarisha nyumba.

Nilimwuliza alisomea wapi. Alicheka. Alikaa miaka minne Mbarara, ng'ambo ya mpaka, akiwa msaidizi wa fundi mzee. Hana cheti. Kwa kuwa hana cheti, hawezi kuomba kazi ya kutengeneza jokofu la chanjo katika zahanati ya kijiji chake, ambalo likiharibika husubiri mtu atoke mbali. Yule aliyeniuzia gesi mara tatu alinionyesha karatasi yake ya mafunzo siku ya kwanza kabisa.

Hapa ndipo wengi huhitimisha kwa haraka: "Mafundi wetu ni wezi." Nayapinga maneno hayo kwa nguvu zangu zote. Si kwamba hakuna fundi mwizi, bali kauli hiyo inatuosha sisi tulioutengeneza mfumo unaomfanya mwaminifu na laghai wasiweze kutofautishwa. Mwizi hustawi pale ambapo mwenye mali hajui alichonacho, mwenye ujuzi hatambuliwi, na mwenye mamlaka anahesabu mambo mengine.

Tuanze na mwenye mamlaka. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Ni jambo kubwa, na sitalibeza. Nilisoma kwa kibatari, najua tofauti. Lakini umeme unapofika kijijini hauji peke yake. Huja na majokofu, hita za maji, mashine za kusaga, na pia huja na kukatika na kurudi kwa kishindo ambako huunguza kompresa. Katika Mto Kagera, kati ya Murongo na Kikagati, maji yanazungusha mitambo ya umeme. Tunauona umeme ukizaliwa karibu na milango yetu, lakini kifaa unachokiendesha kikiugua tunasafiri kutwa nzima kumtafuta tabibu wake. Tunahesabu nguzo na mita. Nani anahesabu mafundi?

Kyerwa ni nchi ya bati tangu enzi za ukoloni, na bati ndilo linalotumika katika lehemu ya kuunganishia vifaa vya umeme duniani. Tunachimba kiungo kikuu cha lehemu, tunakiuza, kisha tunamtafuta kwa tochi mtu wa kutulehemia.

Wa pili ni sisi wenye vyeti. Mwalimu Nyerere aliandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Zaidi ya nusu karne baadaye, mzazi wa Kaisho au Nkwenda bado humwambia mtoto, "Usiposoma utakwenda VETA," kana kwamba anamtishia jela. Sisi wahadhiri tunacheka naye. Nimehudhuria mahafali mengi. Sijawahi kusikia mgeni rasmi akimsifu mtu kwa kuziba tundu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, na vyuo vya VETA vinajengwa katika wilaya zisizokuwa navyo. Mkoa wa Kagera umepata chuo kikubwa. Nafurahi. Lakini chuo si paa. Tuulize: katika chuo cha wilaya, je, fani ya majokofu na viyoyozi imo, au tutapata tena ushonaji na useremala kwa sababu vifaa vyake ni rahisi? Je, mwanafunzi atagusa pampu ya kunyonya hewa kwa mikono yake, au ataichora daftarini?

Wa tatu ni mteja. Tunabishana na fundi juu ya elfu tano, lakini hatudai risiti, hatudai dhamana ya kazi, hatuulizi kifaa kilichobadilishwa kiko wapi. Anayetafuta tundu hutumia saa tatu, anayejaza gesi hutumia nusu saa, nasi tunamchagua wa pili kwa sababu ni rahisi kwa leo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumelipia ukuta mara tatu, na ufa bado upo.

Najua pingamizi litakalokuja: suala la jokofu ni la wenye nacho, wananchi wanataka maji na barabara. Sikubali. Matajiri hununua jokofu jipya. Anayeumizwa ni mama wa insulini, muuza maziwa, muuza juisi aliyekopa VICOBA ili anunue friza, na mtoto anayesubiri chanjo. Ofisi zetu za umma zina TEMESA, wakala wa serikali ambao miongoni mwa kazi zake ni kutengeneza majokofu na viyoyozi. Ndugu mtumishi wa umma unayesoma haya chini ya kiyoyozi, umewahi kujiuliza mwananchi aliyelipia kiyoyozi hicho anakwenda kwa nani?

Pia si suala la Isingiro pekee. Mwezi Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, mji ulio karibu nasi kuliko Dar es Salaam, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii ya R-134a, ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi. Kila jokofu la gesi hiyo linalojazwa bila kuzibwa linaimwaga hewani. Makubaliano yaliyopitishwa katika ukumbi mzuri hutekelezwa au kuvunjwa na mtu mwenye spana, nyuma ya nyumba, chini ya mgomba.

Nini kifanyike? Sitaki kumaliza kwa kulaani.

Kwanza, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Usisubiri kijana asafiri kuufuata. Uletwe senta kwa senta, na kijana wa Mbarara apimwe kwa kazi yake. Pili, halmashauri za Kyerwa na Karagwe zibandike katika ofisi za kata orodha ya mafundi waliopimwa, kwa fani zao, na malalamiko dhidi yao yaandikwe. Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji karatasi na gundi. Tatu, vyama vyetu vya msingi vya kahawa vinajua kununua kwa pamoja. Pampu, mizani na mtungi wa naitrojeni ni mzigo mzito kwa kijana mmoja, lakini si kwa chama. Vinunuliwe, vikodishwe kwa siku.

Nanyi wanafunzi na wanaharakati, fundi anapofika nyumbani mwulizeni mambo matatu kabla hajafungua mkoba: tundu liko wapi, jokofu hili linatumia gesi gani, na likiacha kupoa ndani ya miezi mitatu utarudi bila malipo? Asiyeweza kujibu, mpeni nauli na mumuage kwa adabu. Anayejibu, mlipeni bila kunung'unika, kisha litajeni jina lake kwa majirani.

Jokofu la mama linapoa. Hata hivyo chungu bado kipo kivulini, na kitambaa chake hulowekwa kila asubuhi. Nilipomwambia sasa anaweza kukiondoa, alinitazama kwa upole. "Fundi akiondoka kwenda Kampala kutafuta maisha," aliuliza, "utaniletea nani?"