Arusi bila nyama ni arusi: mbuzi asiendelee kuzuia ndoa

GOMA – Kila kiangazi kamati za arusi zinakutana katika mitaa ya Goma, Sake, Kibumba na Bukavu, na nyingi zinakwama mahali pamoja. Hazikwami kwenye nguo ya bibi-arusi wala kwenye viti vya wageni. Zinakwama kwenye nyama. Mjomba anasema bila ng'ombe hakuna arusi. Shangazi anajaribu kupunguza, anasema basi iwe mbuzi wanne. Bwana-arusi aliyekimbia vita na godoro moja mgongoni anainamisha kichwa. Mkutano unavunjika, tarehe inasogezwa, mwaka unapita.

Desturi hiyo inapaswa kukoma. Arusi iliyopikwa kwa maharagi, sombe, wali, ndizi na karanga, bila nyama, bila samaki, bila mayai na bila maziwa, ni arusi kamili. Anayeikataa aseme wazi ni kitu gani kimepungua. Katika sheria hakuna kilichopungua. Katika dini hakuna. Na katika mila yenyewe, mtu akiichunguza vizuri, hakuna pia.

Sheria haijui sufuria ya nyama

Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka wa 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inadai mambo yanayojulikana. Wanaooana wawe wametimiza miaka 18. Wakubali wenyewe, bila kulazimishwa. Pande mbili zipatane juu ya mahari, ambayo inaweza kuwa vitu au feza. Ndoa ifungwe mbele ya ofisa wa eta-sivili, au ifungwe katika familia kwa desturi kisha iandikishwe kwake. Hakuna mahali sheria inapouliza wageni walikula nini.

Lakini ni kwa sababu ya chakula cha wageni ndoa nyingi hazifiki kwenye kitabu cha eta-sivili. Vijana wanaoambiwa wangoje mpaka wapate ng'ombe hawaachani. Wanaanza kukaa pamoja bila ndoa, wanazaa mtoto wa kwanza, wa pili, na jambo la kuandikisha linasahauliwa. Siku mwanaume anapokufa, kwa risasi, kwa kipindupindu au kwa ajali ya barabarani, mwanamke anabaki mikono mitupu. Sheria inamhesabu mke aliyeolewa kati ya warithi wa marehemu. Aliyekaa tu na mwanaume haimhesabu. Mashemeji wanakuja kudai parseli, mabati na hata sufuria, na yeye hana karatasi ya kuwaonyesha. Siku hiyo mjomba aliyedai ng'ombe haonekani.

Katika jimbo ambalo kifo kiko karibu na kila nyumba, kumchelewesha mwanamke kwa miaka mitatu kwa sababu ya mchuzi wa mbuzi ni kumweka katika hatari. Jambo hilo linapaswa kuitwa kwa jina lake.

Anaombwa ng'ombe ambaye hana

Hali ya mafamilia inajulikana na kila mtu. Mji wa Goma ulichukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza wa 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Mabanki ya Goma yalifunga milango na uwanja wa ndege ukasimama. Katika mwezi huohuo wa pili, kambi zilizozunguka Goma, kama Bulengo na Lushagala, ziliondolewa watu. Wengine walirudi kwenye vijiji walikokuta nyumba bila paa na mashamba yaliyoota majani. Wengine wamebaki kwa jamaa, familia mbili au tatu katika nyumba moja.

Mifugo ndiyo iliyotangulia kupotea. Tangu vita ya Masisi ya mwaka wa 1993, ng'ombe wa Masisi na Rutshuru wameporwa mara kwa mara, na kila vita mpya imepunguza waliobaki. Kwa hiyo kumwambia kijana wa Masisi alete ng'ombe wa kuchinja ni kumwambia alete kitu ambacho vita ilikwisha kumnyang'anya baba yake.

Basi analeta kutoka wapi? Anakopa kwa mfanyabiashara, na riba inaanza kukimbia kabla wageni hawajanawa mikono. Au anachukua zamu yake ya likelemba iliyokuwa ya kununua mbegu. Au baba anauza kipande cha shamba ambacho familia ilitegemea kurudia siku amani itakapopatikana. Arusi inapigiwa makofi Jumamosi, na Jumatatu bibi-arusi anaanza maisha yake ya ndoa ndani ya deni.

Hesabu ya watu 150

Kamati zinapenda kusema chakula bila nyama hakishibishi. Hesabu inaonyesha vingine. Kwa wageni 150, maharagi makavu gramu 100 kwa kila mtu ni kilo 15, na yakiiva uzito wake unazidi mara mbili. Mchele gramu 100 kwa mtu ni kilo 15. Unga wa bugali vilevile ni kilo 15. Hapo bado kuna sombe ya mawese na karanga, lengalenga, viazi, makemba na kabichi. Nyama ya gramu 150 kwa kila mtu ni zaidi ya kilo 22 bila mifupa, na baada ya kuinunua kamati bado itanunua mchele na unga uleule. Kila kamati ichukue bei ya soko lake, liwe Virunga au Kadutu, na ipige hesabu za pande zote mbili mbele ya wazazi kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa juu ya heshima.

Mpango wenyewe si mgumu, ila unataka kuanza mapema. Maharagi yalowekwe tangu jioni na maji yake yamwagwe asubuhi. Yataiva upesi na makala hayatakwisha bure. Sombe ipondwe vizuri na ichemshwe kwa muda mrefu, maana majani ya muhogo yasiyoiva yana sumu. Mahali pa samaki wadogo ambao wengi wanawatia kwenye sombe, karanga zilizosagwa, vitunguu na mawese vinatosha kuipa utamu. Wapishi waambiwe mapema kwamba vile vidonge vya mchuzi vya dukani mara nyingi vimetengenezwa kwa kuku au ng'ombe. Keki inaweza kuumuka bila yai, kwa ndizi zilizoiva sana na maziwa ya soya. Vinywaji haviombi ruhusa kwa mtu: marakuja, nanasi, chai ya mchaichai.

Tena kuna jambo la afya. Mwezi wa nne wa 2025, viboko wapatao 50 walikufa kwa ugonjwa wa kimeta katika hifadhi ya Virunga, upande wa mto Ishasha na ziwa Edward, na wakaaji wakaonywa wasile nyama ya wanyama wa pori. Kamati isiyo na feza inatafuta nyama ya bei ya chini, na nyama ya bei ya chini mara nyingi ni ile ambayo mganga wa mifugo hakuiona. Pasipo umeme wala friji, nyama iliyochinjwa usiku inangoja mpaka saa tisa za mchana chini ya turubai. Arusi imegeuka kuwa safari ya kituo cha afya kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

“Hiyo si mila yetu”

Neno hili ndilo linalotumiwa zaidi kunyamazisha vijana, kwa hiyo linastahili jibu kamili. Kwa Washi, ng'ombe ni sehemu ya mahari. Kwa Wanande ni mbuzi. Lakini mnyama wa mahari anatembea kwa miguu yake mpaka nyumbani kwa wakwe, anazaa, na watoto wake wanatumika kuoza kaka wa bibi-arusi. Ni mali iliyo hai inayounganisha koo mbili. Mila ilimtaka awe hai. Anayedai achinjwe aliwe mchana mmoja na watu ambao wengine hawajulikani hata na familia, huyo ndiye anayeharibu akiba ya mababu.

Wengine wanasema chakula bila kitu cha mnyama ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba neno “vegan” lilizaliwa Uingereza mwaka wa 1944. Lakini sahani yenyewe iko Kivu bila jina hilo. Mama anayepika maharagi kwa mawese na bugali ya muhogo siku sita katika juma hajawahi kungoja Mzungu amfundishe. Na kama asili ya chakula ndiyo sababu ya kukikataa, basi muhogo na maharagi vyote viwili vilivuka bahari kutoka Amerika, na hakuna mjomba anayevikataa.

Upande wa dini, wahubiri wanapenda kusoma habari ya arusi ya Kana. Katika habari hiyo divai ndiyo iliyokwisha, nyama haitajwi. Kitabu cha Methali, katika sura ya 15, kinaweka mboga zenye upendo mbele ya ng'ombe mnono mwenye chuki. Waadventista wa Sabato, ambao ni wengi katika Kivu, wanafundisha faida ya chakula cha mimea. Kwa Waislamu, mwenye uwezo anahimizwa achinje kondoo, lakini karamu ya ndoa ya Mtume na Safiyya haikuwa na nyama; watu walikula tende, samli na maziwa yaliyokaushwa. Hakuna hata moja kati ya dini hizi inayosema ndoa ya maharagi ni ndoa nusu.

Mtoto anayengoja kipande kimoja

Liko pingamizi moja zito kuliko haya yote, na linatoka kwa mama waliohamishwa wenyewe. Wanasema kwamba kwa mtoto wao arusi ni siku pekee ya kuonja nyama katika mwaka mzima, na kumnyima siku hiyo ni ukatili.

Maneno hayo yana ukweli, na hakuna anayepaswa kuyacheka. Lakini mtu aangalie nyama inakwenda wapi siku ya arusi. Inakwenda kwanza kwenye meza ya wakubwa, kisha kwa wasimamizi, kisha kwa wale waliotoa mchango mkubwa. Kwa watoto wanaosimama nyuma ya turubai unafika mchuzi, na mara nyingi hata mchuzi haufiki. Sufuria tatu kubwa za maharagi zinawafikia wote, na mtoto anapewa sahani yake mwenyewe, tena iliyojaa. Maharagi yaliwayo pamoja na bugali ya mahindi au wali yanajenga mwili. Waganga wa lishe wanayafundisha kila siku katika vituo vya afya. Kama jamaa wanataka watoto wapate nyama, wachange wawapelekee mwezi wowote. Wasisubiri siku ya bwana-arusi ndipo wakumbuke njaa ya watoto.

Ijulikane pia kwamba hakuna anayekatazwa. Mchungaji mwenye ng'ombe wake na achinje. Anayeona ni furaha, na feza yake iko, afanye. Linalokataliwa ni kumlazimisha asiye nacho, na kumfedhehesha yule ambaye kwa imani, kwa afya au kwa huruma yake kwa wanyama amechagua kuoa bila kumwaga damu. Kijana wa namna hiyo leo anaitwa bahili, anaitwa mchawi, anaambiwa asiyenunua mbuzi hataweza kulisha mke. Wanaosema hivyo wanajua mabwana-arusi waliochinja ng'ombe wawili, na wake zao leo wanabeba mizigo sokoni ili kulipa deni la karamu.

Yanayopaswa kufanyika

Kamati ya arusi ianze na tarehe ya eta-sivili. Ikishaandikwa, isisogezwe kwa sababu yoyote ya jikoni. Wazazi wa pande mbili wakubaliane juu ya mahari peke yake, na chakula kiwe shauri la wanaooana. Bajeti isomwe mbele ya wote, na deni lolote lipingwe kabla halijatiwa sahihi. Mapadri, wachungaji na maimamu, ambao kila juma wanalalamika kwamba vijana wanakaa pamoja bila ndoa, waseme mimbarani kwamba sahani ya maharagi inatosha. Wao wenyewe wakialikwa, waile mbele za watu bila kuulizia nyama. Wazee wa mitaa wafanye vivyo hivyo, maana watu watafuata wanachokiona mikononi mwa wakubwa.

Na bibi-arusi asikilizwe. Katika mikutano mingi yeye ndiye asiyeulizwa, ingawa ndiye atakayelala na deni, na ndiye atakayesimama mbele ya mashemeji siku mbaya ikifika. Akiulizwa achague kati ya ng'ombe mmoja wa siku moja na karatasi ya ndoa yenye jina lake, wazazi wakubali jibu lake.