Ngitili ni Amana: Wito kwa Watu wa Simiyu

Ndugu zangu wa Bariadi na Itilima, wa Maswa, Meatu na Busega, wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe, wafanyabiashara na wachimbaji wa madini, na ninyi vijana ambao mirathi yenu ndiyo inayojadiliwa hapa hata kama hamkualikwa barazani: nawaandikia kwa taadhima juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulishuhudia anapopita katika bonde alilochunga utotoni, nalo ni kwamba ardhi yetu inatoa kila mwaka kuliko inavyorudishiwa.

Wala sisemi haya kwa kuyachukia maendeleo. Mkoa wetu ulipoundwa mwaka 2012, sensa ya mwaka huo ilituhesabu watu 1,584,157; miaka kumi baadaye, sensa ya 2022 ilitukuta tumefika 2,140,497. Hawa zaidi ya nusu milioni walioongezeka wanahitaji chakula, kuni, nyumba, shule na kazi, na hakuna mwenye insafu atakayewaambia wangoje. Pamba, ambayo mkoa wetu umekuwa mstari wa mbele nchini kwa kuilima, imewasomesha wengi wetu. Reli mpya inayojengwa kati ya Isaka na Mwanza inapita Malampaka. Na chini ya vilima vya Dutwa imegunduliwa nikeli ambayo ulimwengu unaitafuta kwa hamu. Hizi ni neema, na mwenye kuidharau neema humkufuru aliyeitoa. Lakini neema ina adabu zake, na asiyezishika adabu hizo huiona ikiondoka mlangoni mwake pasipo kuaga.

Wazee wetu wa Kisukuma walizijua adabu hizo kabla ofisi yoyote haijafunguliwa Bariadi. Mvua zilipoanza kunyesha, mzee alitenga sehemu ya malisho yake, akaifunga isikanyagwe na kwato wala isiguswe na shoka. Nyasi zikamea, zikakomaa, zikakaukia papo hapo ziliposimama. Na kiangazi kilipopamba moto, mbuga nyingine zikiwa zimebaki vumbi tupu, ndipo alipoifungua kipande baada ya kipande, wakitangulia ndama, na ng'ombe wagonjwa na wakongwe, na maksai wa jembe. Sehemu hiyo waliiita ngitili, na ndani yake ndimo ilimokuwa hazina ya uchumi wao, kwa kuwa maksai aliyekivuka kiangazi kwa nyasi za ngitili ndiye aliyelima shamba mvua ziliporudi. Akiba haiozi, husema Waswahili. Nao wazee wetu waliweka akiba yao katika majani.

Hazina hiyo iliteketezwa kwa mikono mingi. Wakati wa ukoloni misitu ya Usukuma ilifyekwa kwa eneo kubwa mno ili kumfukuza mbung'o aliyekuwa akiwaangamiza watu na mifugo. Baadaye pamba ikadai mashamba zaidi na mifugo ikazidi. Na miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja, wengi waliziacha nyuma yao ngitili zisizo na mlinzi. Ilipofika miaka ya 1980, Mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa sehemu yake, ulikuwa ukiitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Hapo mwanzo mradi ulihimiza miche ya vitalu, na watu hawakuichangamkia sana. Kisha watumishi wake wakafanya jambo la hekima ambalo wataalamu hawalifanyi mara nyingi, wakaketi na wazee na kuwauliza wao walikuwa wakifanyaje. Ngitili ikafufuliwa. Mwaka ule wa 1986 ngitili zilizojulikana kwa hesabu zilikuwa kiasi cha hekta 600; mwanzoni mwa karne hii zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Uchunguzi wa Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la IUCN ulikadiria kwamba faida za misitu hiyo, kwa kuni, malisho, dawa, asali na nyasi za kuezekea, zilifikia dola 14 kwa kila mtu kwa mwezi, ilhali matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8 na nusu. Basi na atafakari anayedhani kwamba mti uliosimama ni mali iliyolala.

Kuna historia nyingine pia ya kulinganisha na hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walileta mpango wa maendeleo wa Usukuma, wenye amri za kupunguza ng'ombe na kulima kwa matuta, na adhabu kwa asiyetii. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuiokoa ardhi. Lakini kwa kuwa amri zilishuka kutoka juu, watu waliziona kuwa ni udhalimu, wakazipinga, na kabla ya Uhuru zilikwisha kuachwa. Ardhi ni ile ile na watu ni wale wale. Kilichotofautiana ni nani aliyeamua. Kwa sababu hiyo wito wangu hauelekei Dodoma kuomba amri mpya. Unaelekea kwetu sisi wenyewe, tulio na mikutano mikuu ya vijiji, na dagashida, baraza letu la jadi, na sungusungu, walinzi wetu wa jadi.

Najua jawabu atakalonipa jirani yangu mwenye ekari chache na watoto wengi: "Nikifunga malisho, wanangu watakula nini?" Swali lake ni la haki, na wala halijibiwi kwa mahubiri. Ni kweli kwamba ngitili za watu binafsi aghalabu humnufaisha mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi, na maskini hubaki akiomba ruhusa ya kuokota kuni. Ndiyo maana nasema mzigo huu ubebwe kwa kadiri ya uwezo: mwenye ardhi nyingi atenge nyingi, na kila kijiji kiwe na ngitili yake ya wote, ambamo mjane ana haki sawa na tajiri. Na jirani yangu naye akumbuke kwamba kipande anachokiongeza kwa kufyeka bonde, maadamu udongo wake hauna kivuli wala mizizi ya kuushika, kitachukuliwa na maji ya masika yakielekea Mto Simiyu na hatimaye Ziwa Viktoria, naye atabaki na ekari nyingi na magunia machache.

Wako pia wanaosema kwamba shida yetu itakwisha kwa maji ya bomba yanayoletwa kutoka ziwani kwa mradi mkubwa wa Serikali, wenye msaada wa Ujerumani na wa Mfuko wa Kijani wa Tabianchi. Mradi huo ni wa kushukuriwa. Walakini bomba halioteshi malisho, na ziwa nalo lina mwisho. Huko Asia ya Kati, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilikuwako Bahari ya Aral, moja ya maziwa makubwa kabisa duniani. Tangu miaka ya 1960 mito yake ikageuzwa kumwagilia mashamba ya pamba, pamba ikastawi kweli, na bahari ikakauka, hata meli za wavuvi zikabaki zimekaa mchangani. Pamba yetu hutegemea mvua, kwa hiyo kosa letu halitakuwa lile lile. Lakini sisi wakulima wa pamba tunaokaa karibu na ziwa kubwa tuna sababu kuliko wengine wote ya kuikumbuka habari hiyo.

Basi ndugu zangu, haya ndiyo ninayoyaomba. Katika mkutano mkuu wa kijiji utakaofuata, popote ulipo, asimame mtu mmoja aulize: ngitili yetu iko wapi, na mipaka yake imeandikwa katika daftari gani? Mali bila daftari hupotea bila habari. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetupa mamlaka ya kuitenga ardhi yetu na kuiandikisha, hata asije mtu mwenye fedha akaimega usiku. Tutunge sheria ndogo zetu wenyewe, na sungusungu wazilinde pasipo upendeleo, hata aliyekosa akiwa ni mwenyekiti. Katika kamati tuwaweke wanawake, kwani wao ndio wanaojua ni saa ngapi zimeongezeka katika safari ya kuni. Kando ya mito ya Simiyu na Duma tuziache zile mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imezikataza kwa shughuli za kudumu. Na ninyi wenye viwanda vya kuchambua pamba, wachoma matofali na mkaa, na wenye migodi, mje barazani kama wanakijiji wenzetu, mtueleze mnachochukua na mtakachorudisha.

Katiba yetu, katika Ibara ya 27, imemwekea kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya Jamhuri. Wajibu huo hautekelezwi na taifa zima kwa siku moja. Hutekelezwa na mtu anayefunga kipande cha bonde mvua zinapoanza, akavumilia kukitazama kikiwa kibichi, ng'ombe wake wakikitamani, mpaka wakati wake ufike. Wazee wetu waliuweza uvumilivu huo pasipo kuamriwa na yeyote. Shime, tuufunge mlango wa ngitili zetu msimu huu, ili kiangazi kitakapokuja tuwe na mlango wa kuufungua.