Nani Kasema Leza Haituhusu?

Kikuubo, nilikokulia, mzigo wa Guangzhou ukishuka hakuna anayeuliza kama unatuhusu. Lakini chuoni nikitaja leza ya kutibu uvimbe wa ubongo, wenzangu hucheka: hayo ya Wazungu.

Nakataa. Glioblastoma ni saratani kali; hata kwa upasuaji, mionzi na dawa, wagonjwa wengi hawafikishi miaka miwili. Huko St. Louis, Marekani, madaktari wamejaribu njia hii: waya mwembamba wa leza hupitishwa kwenye tundu dogo la fuvu, uvimbe ukaunguzwa. Joto hilo pia hulegeza kwa wiki chache ukuta unaozuia dawa kuingia ubongoni. Hapo hutolewa pembrolizumabu, inayoiachia kinga ya mwili iishambulie saratani.

Ya Wazungu? Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa Mulago, alichapisha habari za uvimbe wa taya za watoto wetu. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilipoanzishwa 1967, dawa za uvimbe huo zilijaribiwa humo, na dunia ikajifunza kwetu.

Najua jibu lenu: mwaka 2016 mashine yetu pekee ya mionzi ilikufa, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Basi tungoje? Mgonjwa wa glioblastoma hana miaka hiyo miwili. Walimu wetu, daini vyote pamoja: mashine zitunzwe, na madaktari wa Mulago waingizwe kwenye majaribio haya sasa, kabla wengine hawajamaliza kupanga dozi na bei.