Talanta Iliyofukiwa na Mikono ya Wengine



Vijana wa parokia walinishauri nitazame tamthilia ya Kimarekani, The Queen's Gambit, iliyotolewa na Netflix mwaka 2020. Ni kisa cha kubuni cha yatima aitwaye Beth Harmon. Anajifunza sataranji, mchezo wa ubao unaofanana na ule wa drafti zetu, kisha anawashinda mabingwa wa kiume hadi Moscow. Ilinivutia, sikatai. Nilizimaliza sehemu zote saba, na usiku mmoja nilichelewa kulala kuliko inavyompasa padre mwenye Misa ya alfajiri.

Baadaye nilijua jambo lililonisumbua. Katika sehemu ya mwisho, mtangazaji anamtaja Nona Gaprindashvili na kusema kwamba hajawahi kukabiliana na wanaume. Nona si mtu wa kubuni. Ni mwanamke wa Georgia, bingwa wa dunia wa wanawake tangu 1962 hadi 1978, na mwanamke wa kwanza kutunukiwa cheo cha juu kabisa cha mchezo huo. Kufikia mwaka 1968, ambao ndio unaosimuliwa hapo, alikwisha kucheza na wanaume wasiopungua 59. Mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 80, alifungua kesi Marekani. Mwaka uliofuata pande mbili zikapatana. Basi, ili mwanamke wa kubuni aonekane wa pekee, yule wa kweli alifutwa kwa sentensi moja.

Nami nikajiuliza ni wangapi tunaowafuta hapa Chemba.

Katika Jumuiya mojawapo yuko mama ambaye hakupata kwenda shule. Michango ya familia zote anaijua kwa kichwa, ya mwaka huu na ya mwaka jana, ya fedha na ya debe la uwele. Siku moja nilibishana naye nikiwa nimeshika daftari. Daftari ndilo lililokosea, na mwandiko ulikuwa wangu.

Tumezoea kumlaumu yule mtumwa wa Injili ya Mathayo aliyeifukia talanta yake ardhini. Nimehubiri hivyo mara nyingi, nikiwatazama akina mama wa WAWATA waliokaa mbele. Lakini talanta ya mama huyu aliifukia nani? Si yeye. Wakati wenzake wa kiume wakijifunza kusoma, yeye alikuwa akifukua mchanga wa mto Bubu kutafuta maji, kisha mahari yakapokelewa. Hakuulizwa.

Tamthilia hutufundisha kwamba akili peke yake hupasua kila ukuta. Nisiionee: hata Beth alifundishwa na mzee mfanya usafi wa kituo cha yatima. Lakini mwangalieni Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, ambaye maisha yake yalitengenezewa filamu mwaka 2016. Alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada, akauza mahindi mitaani. Alifika penye sataranji akimfuata kaka yake, mahali ambapo Robert Katende aliwapa watoto kikombe cha uji. Mtoto mwenye njaa alilishwa kwanza, kipaji kikaonekana baadaye. Bila uji ule tungekuwa na muuza mahindi hodari sana wa kujumlisha chenji, wala dunia isingejua imepoteza nini.

Sheria nayo imesema. Mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ikathibitisha hivyo mwaka 2019. Lakini mahakama haiji nyumbani jioni wazee wanapohesabu ng'ombe. Sisi majirani ndio tunaokuwapo, na mara nyingi tunakuwapo kama wageni waalikwa.

Mzazi ambaye binti yake amefaulu darasa la saba, na kikwazo ni sare, godoro au nauli, aje ofisini Jumanne baada ya Misa, asione haya. Na anayetaka kuleta barua ya ndoa ya binti wa miaka kumi na sita aje pia. Nitamkaribisha kiti na chai, tutazungumza kwa muda wote anaoutaka. Tangazo hilo la ndoa sitalisoma.