UTAMU WA MIWA YETU UPIMWE MBELE YA MACHO YETU



Wengine watauliza, karatasi hii ni ya watu wa reli, miwa yaingiaje hapa? Yaingia kwa mlango wa mshahara. Wengi wetu tunaofanya kazi katika njia ya Nakuru mpaka Kisumu tuna mashamba ya miwa nyumbani, Koru, Muhoroni, Chemelil, Miwani na Kibos, na mama zetu na ndugu zetu ndio wanaoyatunza. Malipo ya miwa yakichelewa au yakipunguzwa, karo ya watoto inatoka katika mshahara wa reli. Kwa hivyo jambo hili ni la Chama kama vile ovataimu ilivyo jambo la Chama.

Kwa miaka mingi mkulima wa miwa katika Kenya amelipwa kwa tani. Miwa mitamu na miwa chapwa, bei ni moja. Na tangu zamani wakubwa wamekuwa wakisema kwamba afadhali kulipa kwa utamu, kama wanavyofanya Australia na Afrika Kusini. Sisi hatupingi. Aliyelima vizuri, akapalilia, akangoja miwa ikaiva, alipwe zaidi kuliko mvivu. Lakini twauliza: nani atakayepima, atapima siku gani, na ni nani atakayesimama kando yake akitazama?

Maana chombo chenyewe si cha ajabu. Huitwa rifraktomita ya mkono, nacho ni bomba dogo linaloingia mfukoni, mfano wa darubini fupi. Mbele kina kioo kilichokatwa kwa mshazari na kifuniko cha kukilalia. Watia matone mawili matatu ya maji ya muwa, wafunika, wakielekeza kwenye mwanga, wachungulia. Ndani utaona duara lenye namba, juu buluu na chini nyeupe, na pale rangi mbili zinapokutana ndipo pa kusoma. Nuru ikipita katika maji matupu hupinda kidogo, ikipita katika maji yenye sukari hupinda zaidi. Siri yote ni hiyo. Namba zile huitwa digrii za Brix, kwa jina la Mjerumani mmoja wa karne ya 19, na digrii moja ni gramu moja ya sukari katika gramu 100 za maji hayo. Bei yake ni shilingi elfu chache, haishindi simu ya mkononi.

Tuliazima kimoja kwa kijana wa kwetu aliyesomea kilimo. Siku ya mapumziko tukaingia katika shamba la mzee mmoja, baba wa mwenzetu, tukakata muwa, tukaukamua chini, katikati na kileleni. Chini tulisoma 20, katikati 18, kileleni 12. Muwa ulioiva haufanyi hivyo; ukiiva, utamu wa juu unakaribia utamu wa chini. Na mzee huyo alikuwa amekwisha kuambiwa na kiwanda akate juma lile lile. Alichungulia mwenyewe, akafuta jicho, akachungulia tena, halafu akatuuliza mbona miaka yote hii hakuonyeshwa kitu hiki. Hatukuwa na jibu la kumpa. (Tulipima na soda ya kantini yetu, baada ya kuikoroga mpaka hewa ikatoka. Ilisoma karibu 11. Wanywaji wajihesabie wenyewe.)

Sasa wako mabwana wanaosema kwamba mkulima hawezi kusoma chombo kama hiki, kwamba ni kazi ya wenye makoti meupe. Twawajibu hivi: mtu anayesoma geji ya breki usiku wa ukungu kule Mau Summit, na roho za watu ziko nyuma yake, hawezi kushindwa na mstari wa buluu na mweupe. Wala dada yake nyumbani hashindwi. Watu wa reli twajua mizani. Mwenye mzigo husimama pale pale mzigo wake ukipimwa, na karani mwema hakasiriki akitazamwa. Anayekasirika ndiye wa kuangaliwa.

Lakini tusidanganyane, ndugu. Wako pia wenzetu waliokipenda chombo hiki upesi mno, wanaosema kwamba tukiisha kuwa nacho shida zimekwisha. Hapana. Chombo hiki hakijui sukari. Kinajua tu kwamba kuna kitu kimeyeyuka katika maji. Tulitia chumvi katika kikombe cha maji, tukapima, nacho kikatusomea utamu. Tena jua likipiga maji ya muwa yakapata moto, kinasoma chini. Vingi vimewekwa kwa digrii 20 za joto, na maji yakifika digrii 30 utapoteza karibu digrii 0.8 za Brix bure. Viko vinavyojirekebisha vyenyewe, na viko visivyojirekebisha, na mkulima hataambiwa ni kipi alichoshikiwa. Ndiyo sababu kabla ya kupima sharti kitiwe maji safi kisomwe sufuri, na sufuri ile mwenye miwa aione.

Na hapa ndipo penye donda lenyewe. Miwa ikikatwa inaanza kuharibika. Maji yanakauka, kwa hivyo uzito unashuka. Na sukari ile inayoganda kuwa chembe inavunjika kuwa sukari nyingine isiyoganda, na miwa iliyochomwa moto huharibika upesi zaidi. Kiwanda kimoja, ambacho hatukitaji, kilikata miwa ya mmoja wetu siku ya Jumatatu. Trekta ikaja Jumamosi. Kisha ikalala katika foleni ya uwanjani siku mbili. Tani zilizoandikwa zilikuwa za siku ya nane, si za siku ya kwanza. Hasara ya maji yale aliibeba nani? Si kiwanda.

Tukilipwa kwa utamu bila kurekebisha jambo hilo, mkulima atalipa mara mbili: mara ya kwanza kwa uzito uliokauka, mara ya pili kwa sukari iliyokufa katika foleni ya watu wengine. Wala rifraktomita peke yake haitamtetea, kwa maana haioni tofauti ya sukari inayoganda na isiyoganda. Miwa iliyolala huweza hata kusoma juu, kwa kuwa maji yamepungua. Mwenye kiwanda anacho chombo kingine katika maabara yake, polarimita, kinachotazama jinsi sukari inavyozungusha nuru, nacho ndicho kinachomwambia ukweli. Yeye ana macho mawili na sisi hatuna hata moja.

Basi twadai. Miwa ipimwe Brix shambani siku ya kukatwa, mwenyewe akiwapo. Tarehe na saa ya kukata iandikwe katika tikiti, na tikiti hiyo isomwe pamoja na ile ya mizani. Saa zinazozidi kwa kukosa trekta zihesabiwe juu ya kiwanda. Na namba za maabara zibandikwe langoni kila siku, si kufungiwa katika kabati. Wafanyi kazi wa mizani na maabara ni ndugu zetu, wana chama chao, hatuwagombezi wao. Wao huandika wanachoamriwa. Tumekwisha kuwaandikia wajumbe wao barua.

Kwa upande wetu, kila tawi kuanzia Koru mpaka Kibos linunue rifraktomita moja, ile inayojirekebisha kwa joto, ikae kwa katibu wa tawi na iazimwe kwa zamu bila malipo. Atakayeivunja kioo atalipa. Michango ipokewe na mweka hazina siku ya mshahara, naye atoe risiti.