Bei ya ukoka Texas husomwa kisimani

Wafanyabiashara wa bustani za nyasi kusini mwa Marekani wamezoea kupima msimu kwa mauzo ya mbegu na mbolea. Hesabu hiyo ni nusu tu. Katika mji wa San Antonio, Texas, kipimo cha kutazamwa kwanza na mwenye fedha zake katika biashara hii ni usawa wa maji katika kisima kimoja kinachoitwa J-17, ambacho huonyesha hali ya maji ya chini ya ardhi ya Edwards. Wastani wa siku 10 ukishuka chini ya futi 660 juu ya usawa wa bahari, mlango wa hatua ya kwanza ya kubana matumizi hufunguka. Futi 650 ni hatua ya pili, na 640 ni ya tatu. Tangu hatua ya kwanza, vinyunyizio huruhusiwa siku moja tu kwa wiki, kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya namba ya nyumba. Hapo mauzo ya mbolea nayo hayana budi kulegea, maana mbolea ya chumvichumvi juu ya nyasi yenye kiu huiunguza.

Sababu ya ukali huo iko wazi kwa anayejua kuzidisha. Nyasi nyingi za bustani, wakati wa kiangazi cha huko, huhitaji kama milimita 25 za maji kwa wiki. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo bustani ya mita za mraba 400 hunywa lita 10,000 kila wiki, na katika nyumba nyingi hayo ni maji ya bomba yaliyokwisha kusafishwa kwa gharama ya mji.

Nyasi yenyewe si ngeni kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa. Ni ukoka. Wamarekani huuita nyasi ya Bermuda, ingawa asili yake si kisiwa hicho. Katika kituo cha utafiti cha Tifton, Georgia, mtaalamu Glenn Burton aliuchanganya na ukoka mwembamba kutoka Afrika Kusini, na mwaka 1960 ikatolewa aina ya Tifway ambayo mpaka leo hutandazwa katika viwanja vya michezo na bustani. Ukoka una sifa moja inayostahili fedha: mvua ikikatika hukauka juu na kulala, shina lake la chini likabaki hai. Nyasi ya Saint Augustine, inayopendwa kwa kuvumilia kivuli, haina shina la namna hiyo chini ya ardhi, na ikikauka sana hurudi kwa shida.

Lakini hapa ndipo soko linapokosea. Mnunuzi huuziwa jina la nyasi, naye huridhika. Mwaka 2006 na 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, kwa kushirikiana na idara ya maji ya San Antonio, walizipanda aina 25 chini ya paa linalojifunga mvua inapokuja, wakazinyima maji siku 60. Zile zilizopandwa juu ya inchi 4 tu za udongo zilishindwa, zenye jina na zisizo na jina. Katika udongo wa asili wenye kina, nyingi zilichipua tena zilipopewa maji. Tofauti kubwa ilikuwa udongo.

Na udongo ndio kitu cha kwanza kupunguzwa na mkandarasi. Kaskazini mwa San Antonio mwamba wa chokaa uko karibu sana na uso wa ardhi. Nyumba hujengwa, udongo kidogo husambazwa, nyasi zilizokatwa pamoja na mizizi yake hutandikwa kama zulia, picha hupigwa, nyumba huuzwa. Anayelipa baadaye ni mwenye nyumba, kwanza katika ankara ya maji, halafu kwa kununua zulia jingine. Muuzaji wa nyasi hupata mauzo mara mbili na kuyaita ukuaji wa soko. Mwekezaji makini asiyaite hivyo. Mteja aliyenunua kitu kilekile mara mbili kwa hasira hanunui mara ya tatu. Huweka kokoto.

Sheria nayo imeanza kumfungulia njia mteja huyo. Tangu mwaka 2013 vyama vya wenye nyumba huko Texas haviwezi kumkataza mwanachama kupanda bustani inayostahimili ukame, ingawa vinaweza kudai kuona mchoro wake kwanza. Nevada ilikwenda mbali zaidi: sheria ya mwaka 2021 ilizuia maji ya mto Colorado kumwagiliwa nyasi za mapambo zisizo na matumizi, kuanzia mwaka 2027, nyasi za nyumba za familia moja zikiachwa nje.

Wanaodhani serikali za kusini hazitathubutu wakumbuke Georgia ya mwaka 2007. Mwezi Septemba umwagiliaji wa nje wa majumbani ulipigwa marufuku kaskazini mwa jimbo, wakati ambapo bustani nyingi hupandwa upya. Novemba gavana Sonny Perdue aliongoza sala ya kuomba mvua mbele ya jengo la serikali mjini Atlanta. Wenye vitalu walibaki na miche ambayo wateja wao wengi wa majumbani hawakuruhusiwa kuimwagilia.